Pampu ya Mafuta ya Umeme au ya Kimakanika: Ipi Inafaa Mashua ya Tanga Ziwani Tanganyika?

Mwenye mashua ya tanga hapa Kigoma haitegemei injini kwa sehemu kubwa ya safari yake. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu ya kutosha kumfikisha mbali, na katika miezi mingine asiyekuwa na haraka husaidiwa na upepo wa usiku unaoshuka kutoka milimani na ule wa mchana unaotoka ziwani. Injini huwashwa upepo unapokufa, au chombo kinapoingia gatini na kutoka, yaani katika nyakati ambazo kuzimika kwake kuna gharama kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Injini ya dizeli iliyo nzima ikizimika yenyewe, jambo la kwanza kushukiwa ni mafuta kutoifikia, na kinachoyafikisha ni pampu ndogo ambayo wenye vyombo wengi huikumbuka siku inapokufa. Hapa zinalinganishwa aina mbili za pampu hiyo, kwa kuzingatia mazingira ya ziwa letu na si ya baharini, ambako ushauri mwingi ulioandikwa kuhusu jambo hili umetoka.

Pampu inayozungumziwa

Injini ya dizeli kwa kawaida ina pampu mbili za mafuta, na mara nyingi huchanganywa katika mazungumzo. Injekta pampu ndiyo inayosukuma mafuta kwenye nozeli kwa presha kubwa, mamia ya bari, na hiyo huendeshwa na injini yenyewe na haimo katika uchaguzi huu. Iliyomo ni pampu ya kuvuta, ambayo kazi yake ni nyepesi: kuyatoa mafuta tangini, kuyapitisha kwenye filta na kuyakabidhi kwa injekta pampu kwa presha ndogo, kwa kawaida isiyofika nusu ya bari. Injini ya nguvu za farasi 20 ikikazwa mpaka mwisho hutumia dizeli kiasi cha lita 4 au 5 kwa saa, na kwa mwendo wa kawaida wa mashua hutumia nusu ya hapo au chini yake. Pampu yoyote iliyo nzima, iwe ya aina hii au ile, hutoa mafuta mengi kuliko hayo, kwa hiyo anayechagua kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi anapima kitu ambacho injini yake haikihitaji.

Injini za petroli za kupachika nyuma, zile zilizojaa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, ziko nje ya ulinganisho huu. Zina pampu yake ndogo inayoendeshwa na mapigo ya hewa ya ndani ya injini, pamoja na mpira wa kuminya kwa mkono, na hakuna sababu ya kuzibadilisha. Mashine za silinda moja zenye tangi juu ya kichwa, ambazo wengi tumezizoea kwenye kusaga unga, nazo hazina pampu ya kuvuta kabisa, kwa kuwa mafuta hushuka yenyewe. Hizo nitazirudia, kwa sababu mpangilio wake una faida ambayo hata mwenye mashua anaweza kuiiga.

Ya kimakanika

Pampu ya kimakanika hufungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili au nne. Mkono wake huingia ndani ya bloku na kuegemea kemshafti, ule mhimili wenye vinundu unaofungua vali za injini, na kila kemshafti inapozunguka mara moja mkono husogezwa, kiwambo cha mpira kikavutwa, na mafuta yakaingia kupitia vali. Wengi hudhani kwamba kemshafti ndiyo inayoyasukuma mafuta yatoke upande wa pili, lakini sivyo. Kemshafti huvuta tu; kinachosukuma ni springi iliyo nyuma ya kiwambo. Injini ikishashiba, mafuta hayana pa kwenda, springi hubaki imebanwa, na mkono hucheza bure mpaka nafasi ipatikane tena. Kwa njia hiyo pampu hujipimia yenyewe bila swichi wala kidhibiti chochote, na presha yake haiwezi kuzidi nguvu ya springi hiyo. Yanmar za mfululizo wa GM, kwa mfano 2GM20 na 3GM30, pamoja na Perkins 4.108 ambayo ilifungwa kwenye mashua nyingi duniani, zilitoka kiwandani zikiwa na pampu ya namna hii.

Sifa yake kubwa ni kwamba haidai umeme. Injini yenye hendeli ya kuwashia na wenzo wa kuachia mbano wa silinda inaweza kuwashwa na kwenda siku nzima chomboni pasipokuwa na betri hata moja inayofanya kazi. Kwa chombo kinachokwenda Kalya au ng'ambo ya Kongo, ambako msaada hauko karibu, sifa hiyo ina uzito kuliko nyingine zote zilizobaki.

Udhaifu wake uko kwenye kiwambo. Mpira huo huchoka, na ukichanika dizeli hupenya, ikaingia ndani ya injini na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Baadhi ya pampu zimetobolewa tundu dogo upande wa chini ili mafuta yanayopenya yachuruzike nje na kuonekana, lakini zipo zisizo na tundu hilo, na zipo ambazo tundu lake limezibwa na rangi au uchafu wa miaka. Dalili ya uhakika ni kiwango cha oili kupanda kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na oili yenyewe kuwa nyepesi na kunuka dizeli. Oili inayopungua humtisha kila mtu, ilhali inayoongezeka humpa faraja asiyejua, ingawa hii ya pili ndiyo inayoua injini haraka zaidi. Beringi hukosa ulainisho wa kutosha. Na sampu ikijaa kupita kiasi, injini inaweza kuanza kuvuta mchanganyiko ule na kwenda mbio yenyewe, isisikie hata mafuta yakikatwa, mpaka mtu aizibe njia ya kuvutia hewa. Anayetumia pampu ya kimakanika hana budi kuchomoa dipstiki kila kabla ya kuwasha, na kuangalia kupanda kwa oili kwa makini yale yale anayoangalia nayo kupungua.

Ya umeme

Pampu ya umeme inayofungwa zaidi kwenye mashua ndogo ni ile ya koili na pistoni. Umeme wa volti 12 ukipita kwenye koili, pistoni ndogo huvutwa na kubana springi. Umeme ukikatwa, springi huisukuma pistoni na mafuta yakatoka. Msomaji ataona kwamba mantiki ni ile ile ya pampu ya kimakanika, ila kilichobadilika ni nani anayevuta. Hutumia ampea 1 hadi 2 hivi, na nyingi hutoa zaidi ya lita 100 kwa saa mafuta yakiwa na njia huru. Injini za Kimarekani za Universal na Westerbeke zimezoea kuja na pampu ya namna hii.

Mlio wake ni faida ambayo haitajwi inavyostahili. Mfumo ukiwa mtupu au ukiwa na hewa, pampu hugonga kwa kasi. Mafuta yakijaa na presha ikipanda, kugonga hupungua mpaka kukawa kwa taratibu. Nahodha aliyeuzoea mlio huo hujua, hata kabla ya kugusa swichi ya stata, kama mafuta yamefika au la, na akiwa safarini akisikia kasi imerudi juu huku tangi halijaisha, anajua kuna hewa inayoingia mahali fulani. Pampu ya kimakanika haikwambii lolote mpaka injini yenyewe ianze kukohoa.

Udhaifu wake unajulikana: waya, viungo vya waya, swichi, fyuzi na betri vyote vinakuwa sehemu ya mfumo wa mafuta, na kimoja kikikatika injini ambayo kwa asili yake haihitaji umeme kuendelea kuzunguka itazimika. Hapa lazima nitofautishe ziwa na bahari. Hoja ya mabaharia kwamba chumvi hula viungo vya umeme ndani ya miezi michache haina nguvu ile ile kwetu, kwa sababu maji ya Ziwa Tanganyika ni baridi, si ya chumvi. Unyevu na moshi vitaendelea kuharibu waya uliofungwa ovyo, lakini kiungo kilichobanwa vizuri na kufunikwa hudumu ziwani muda mrefu kuliko baharini. Kinachoisumbua pampu ya umeme zaidi kwetu ni uchafu. Pistoni yake hukaa ndani ya silinda kwa nafasi finyu sana, na chembe ya kutu kutoka kwenye pipa au dumu inaweza kuikwamisha. Kwa hiyo filta ya awali, ikiwezekana yenye bakuli la kunasia maji, ni lazima iwe kabla ya pampu hiyo na si baada yake.

Tangi liko wapi kuhusiana na injini

Kwa maoni yangu swali hili ndilo linaloamua zaidi ya sifa zote za pampu zenyewe.

Pampu ya kimakanika haina hiari ya mahali. Hukaa kwenye injini. Ikiwa tangi liko chini ya usawa wa injini, kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) au karibu na mkuku, pampu hulazimika kuvuta mafuta kwenda juu, na njia yote kutoka tangini hadi kwenye pampu, pamoja na filta ya awali, huwa katika hali ya kunyonywa. Klipu iliyolegea au mpira uliopasuka kidogo katika njia hiyo hautoi tone la mafuta nje. Huingiza hewa ndani. Fundi atapapasa kila kiungo akute kikavu, na bado injini itazimika kila baada ya nusu saa. Uvujaji wa namna hii ni wa kuudhi kuliko wowote, na umewafanya watu wengi wabadilishe pampu nzima bila kupata nafuu.

Pampu ya umeme inaweza kufungwa jirani na tangi, chini, mahali inapofanya kazi yake vizuri zaidi, kwa kuwa pampu ndogo husukuma vizuri kuliko zinavyonyonya. Watengenezaji huandika uwezo wa kunyonya wa pampu kavu, na kwa hizi ndogo huanzia sentimeta 30 hivi hadi kuzidi mita moja, kulingana na modeli; anayenunua aulize namba hiyo kabla ya kuuliza rangi au bei. Ikifungwa karibu na tangi, njia ndefu iliyobaki huwa na presha ndani, na kiungo kikilegea mafuta hutoka nje yakaonekana. Injini haizimiki, ila dizeli inajaa ngama. Mlinganisho ni huo: ya kimakanika inaficha uvujaji na kukuzimia injini, ya umeme inauonyesha uvujaji na kukuachia injini, kwa gharama ya mafuta yako na ya maji ambayo mji wenyewe unayachota kuyanywa.

Ziwa letu liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na Dar es Salaam. Uwezo wa kunyonya hutegemea mgandamizo huo, hivyo pampu iliyokuwa inafikia kwa shida pwani itafikia kwa shida zaidi hapa. Kwa tangi lililo sentimeta 20 chini ya pampu, tofauti hiyo haina maana yoyote. Nimeitaja kwa ajili ya wale wanaonunua pampu ambayo uwezo wake ulioandikwa unatosha kwa shida tu.

Mashua ya tanga ina tatizo lingine ambalo boti la mizigo halina. Inapokwenda na upepo wa ubavu hulala upande, na mafuta tangini hukimbilia upande huo. Tangi likiwa chini ya robo, mdomo wa bomba la kunyonyea unaweza kubaki hewani kwa dakika kadhaa, na msukosuko huo huo huinua matope yaliyotulia chini. Hakuna pampu inayotibu hali hiyo. Tofauti iko kwenye kupona: ya umeme ikiwashwa dakika moja kabla ya stata hurudisha mafuta na kusukuma mapovu mengi yarudi tangini, ikiwa injini ina njia ya kurudishia mafuta, ilhali ya kimakanika hungoja injini izunguke.

Na kama tangi liko juu ya injini, kama kwenye zile mashine za kusaga, mwenye chombo anaweza asihitaji pampu yoyote. Wapo wanaofunga tangi dogo la lita 10 au 20 juu ya usawa wa injekta pampu, wakalijaza kwa pampu ya mkono kutoka tangi kubwa, na mafuta yakashuka yenyewe kupitia filta. Ni mpangilio wa zamani, unadai vali ya kufungia iliyo karibu na mkono, na sioni kwa nini haupendwi zaidi. Urefu huo wa tangi una hila moja pia: pampu inaweza kufa tangi likiwa limejaa, na injini ikaendelea kwenda kwa mteremko peke yake, mpaka siku kiwango kitakaposhuka chini ya usawa wa injini. Mwenye chombo atalaumu mafuta aliyonunua jana, wakati pampu ilikufa mwezi uliopita.

Betri inatumiwa na nani

Ampea moja na nusu kwa saa kumi ni ampea-saa 15. Kwa injini yenye alteneta inayofanya kazi hesabu hiyo ni ndogo mno kumsumbua mtu, na anayeikataa pampu ya umeme kwa hofu ya kumaliza betri injini ikiwa inazunguka anahofia kisichokuwepo. Hofu ya kweli iko kwingine. Vyombo vingi vya hapa vinavyovua dagaa usiku wa giza sasa hutumia taa za umeme badala ya karabai, na pale ambapo betri moja inatumikia taa, stata na pampu ya mafuta, alfajiri hukuta imechoka. Injini yenye pampu ya kimakanika ingeweza kuwashwa kwa hendeli; yenye pampu ya umeme itawashwa kwa hendeli na kuzimika mafuta yaliyomo kwenye filta yakiisha, labda katikati ya mlango wa ghuba. Atakayechagua umeme atenge betri ya injini peke yake, na asiruhusu hata taa moja ya kuvulia ichomekwe hapo. Asiyeweza kutenga betri abaki na ya kimakanika.

Kutoa upepo

Hapa pampu ya umeme inashinda bila ubishi. Mfumo ukiingia hewa, kwa mfano baada ya kubadilisha filta, unawasha swichi, unalegeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, unangoja mapovu yaishe, unakaza, kisha unafanya hivyo hivyo kwenye injekta pampu. Mtu mmoja anatosha, na chombo kikiwa kinayumba tofauti hiyo si ndogo.

Pampu ya kimakanika ina wenzo mdogo wa kupampu kwa kidole, ambao mara nyingi uko mahali ambapo kidole hakifiki bila kuchubuka. Mara nyingine wenzo hukataa kabisa na huhisi hauvuti chochote. Kabla ya kuihukumu pampu, zungusha injini kidogo kwa mkono, kwa sababu kemshafti inaweza kuwa imesimama ikiwa imeshabana mkono wa ndani, na kiwambo hakina nafasi ya kusogea. Wengi hushindwa uvumilivu na kuanza kutumia stata ivute mafuta. Katika injini ya mipigo minne kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa injini. Stata inayozungusha mara 200 kwa dakika huipa pampu mipigo 100 tu, na betri huisha kabla ya hewa. Kwenye mashua ambayo maji ya kupozea hutolewa pamoja na moshi kuna hatari nyingine: injini inayozungushwa muda mrefu bila kuwaka huendelea kusukuma maji kwenye sailensa bila moshi wa kuyatoa, na maji hayo yakijaa hurudi nyuma na kuingia kwenye silinda. Anayelazimika kuzungusha kwa muda afunge kwanza koki ya maji, na aifungue mara injini inapowaka.

Swichi ya pampu ya umeme

Pampu ya lita 100 kwa saa humaliza tangi la lita 40 kwa muda usiofika nusu saa kama mpira umechomoka. Injini ikizimika, pampu ya kimakanika huzimika nayo. Ya umeme haijali. Kwa sababu hiyo haifai kuiunganisha moja kwa moja na betri, wala kuiachia swichi ambayo mtu anaweza kuisahau. Njia inayotumiwa sana ni kuipitishia umeme kwenye swichi ya presha ya oili, pamoja na njia ya pembeni kutoka kwenye kitufe cha stata ili ipate umeme wakati wa kuwasha. Injini ikisimama presha ya oili hushuka, na pampu hukatika. Kwa injini ya petroli iliyo ndani ya chombo jambo hili halina mjadala, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama kwenye ngama ukingoja cheche. Kwa dizeli hatari ni ndogo zaidi, na wapo wanaoridhika na swichi ya ufunguo pekee. Mimi naona swichi ya oili nayo ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuzima injini nzima mahali pabaya, hivyo anayeifunga aweke karibu swichi ya dharura ya kuipita, ya aina inayorudi yenyewe mkono ukiachia.

Kuzifunga zote mbili

Wazo la kufunga ya umeme kabla ya ile ya kimakanika, ili moja ikifa nyingine iendelee, huvutia kila mtu kwa mara ya kwanza. Mafuta yanayosukumwa na ya umeme hupita kwenye vali za ile ya kimakanika bila shida kubwa, na mfumo hufanya kazi. Tatizo ni siku kiwambo kitakapochanika. Pampu ya kimakanika iliyochanika ikiwa peke yake hupoteza nguvu ya kuvuta, na injini huanza kulalamika. Ikiwa nyuma yake kuna pampu ya umeme inayosukuma kwa presha, dizeli itamiminwa kwenye sampu kwa kasi na injini itaendelea kwenda vizuri huku oili yake ikigeuka maji. Mpangilio uliokusudiwa kuwa salama unakuwa hatari kuliko kila moja peke yake.

Anayehamia kwenye umeme moja kwa moja aiondoe ya kimakanika, na tundu lake kwenye bloku alifunike kwa bamba la chuma na gasketi, vinginevyo oili itatoka hapo. Injini ikiwa na fimbo ya kati inayosukuma mkono wa pampu, fimbo hiyo nayo itolewe isije ikadondokea ndani.

Vipuri na uamuzi

Reli kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na kipuri kinachoagizwa huko hufika kinapofika. Katika hili kila pampu ina nguvu yake. Ya kimakanika lazima ilingane na injini: idadi ya bolti, urefu na mkunjo wa mkono, vyote viwe sahihi. Kwa Perkins uwezekano ni mzuri, kwa sababu trekta la Massey Ferguson 135 hutumia Perkins ya silinda tatu na maduka ya vipuri vya trekta, hata Tabora, huweza kuwa na pampu au viwambo vya kufanyia matengenezo. Hata hivyo pampu ya trekta iwekwe kando ya ile ya zamani na kulinganishwa kabla ya kulipiwa. Kwa Yanmar ndogo za mashua hali ni ngumu zaidi. Ya umeme haijali jina la injini: volti zikilingana, presha ikilingana na mdomo wa mpira ukiingia, itafanya kazi kwenye injini yoyote ya namna hii.

Tahadhari moja dukani. Pampu za umeme zinazokaa ndani ya matangi ya magari ya petroli yenye injekta hutoa presha ya bari 3 au zaidi, ambayo ni mara kadhaa ya ile inayotakiwa. Zinapatikana kirahisi na muuzaji atasema zinafaa. Hazifai; zitapasua sili za filta na za injekta pampu. Inayotafutwa ni ya presha ndogo, kati ya bari 0.2 na 0.4 hivi, iliyoandikwa kwamba inakubali dizeli.

Uamuzi wangu, basi, hauko katikati. Kama injini ilikuja na pampu ya kimakanika na tangi haliko chini sana, ibaki nayo, ibadilishwe kiwambo au pampu nzima kabla haijazeeka, na dipstiki isisahauliwe. Kama tangi liko chini na mbali, au injini husimama majuma mengi mfululizo na kila mara huwashwa kwa taabu ya kutoa upepo, ifungwe ya umeme karibu na tangi, kwa betri yake peke yake. Nazo injini mpya ambazo presha ya mafuta yake hudhibitiwa na kompyuta ziachwe kama kiwanda kilivyozifunga.

Mwenye pampu ya kimakanika naye anunue ya umeme, ila aiweke kwenye sanduku la vipuri badala ya kwenye injini. Iwe tayari na filta yake ndogo, mipira miwili iliyokwisha kukatwa kwa urefu, klipu nne, na waya wenye fyuzi na vibanio vya betri. Kabla ya kuifungia sandukuni ijaribiwe kwenye dumu: pampu ya lita 100 kwa saa iliyo nzima hujaza chupa ya lita moja kwa sekunde 36 hivi. Iachwe na dizeli kidogo ndani na midomo yake izibwe. Ya kimakanika ikifa ziwani, mpira unaotoka kwenye filta ya awali huchomolewa kwake na kupelekwa kwenye ya umeme, na mpira wa kutoka kwenye ya umeme huenda moja kwa moja kwenye filta ya injini. Pampu iliyokufa huachwa imefungwa ubavuni mwa injini kama kizibo, mafuta yasipite tena ndani yake hata kidogo, na kama ilikuwa imeshavujisha dizeli kwenye oili, injini isiwashwe mpaka oili hiyo imwagwe na kuwekwa mpya, jambo linalomaanisha kwamba galoni ya oili nayo ina nafasi yake katika sanduku hilo.